Viboko Wangu wa Ivuna

Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtaalamu alituelekeza vizuri sisi tuliojitolea kuhesabu viboko hapa Ivuna: tukae mbali, turudie mara tatu, na tusichokiona sawasawa tusikiandike. Mimi, kwa kiherehere changu, niliona migongo ishirini na miwili nyuma ya matete, nikaiandika yote mara moja.

Mtaalamu alisoma, akamgeukia mfugaji Masanja. "Mzee, kwa viboko wengi hivi, hapa unaponyweshea ng'ombe itabidi tupafunge."

Masanja hakubisha. Alipiga mluzi tu. Migongo ikainuka majini, ikaja na pembe zake.

"Bwana hesabu," aliniambia mbele ya wote, "viboko wako nawapeleka kukamuliwa. Yule mweupe ana mimba, ungemwandika mara mbili."