Ng'ombe wa Paskalina

Nakumbuka siku moja ya ukungu pale Mbulu mjini, saa nne asubuhi, ng'ombe alinigeuzia kichwa ndani ya kompyuta, na mtoto aliyemchora tulikuwa tumeshamzika. Usicheke, mwanangu. Umeniletea hiyo programu yako ya kufundishia watoto, umenionyesha kitufe chako cha kufuta kila kitu kwa mara moja, tena unajisifu kwamba kina kasi. Basi sogeza kigoda nikueleze, maana mimi pia niliwahi kujisifu hivyo hivyo.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, watu wakijisahau na kusema wako Arusha. Soko lilikuwa limefunguliwa, mitumba ya kila aina ikapanda mpaka huku milimani, na katika mitumba hiyo zikaja kompyuta nne. Tuliziweka kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa, tukaziunganisha kwa waya. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa hesabu, kichwa kikubwa. Nilijifunza peke yangu kuandika programu na sikuacha mtu asahau.

Watoto niliwafundisha kwa programu nyepesi. Unachukua amri kama matofali, unazipanga, picha inakwenda. Lakini kuchora kiumbe anayetembea kuliwashinda. Mtoto anachora mguu, anafungua ukurasa mwingine, hakumbuki mguu ulikuwa wapi. Ng'ombe anaruka kama panzi! Basi nikaingia ndani ya programu nikaongeza kitu changu, nikakiita kivuli. Ukifungua ukurasa mpya, picha ya kabla yake inaonekana chini kwa mbali, imefifia, nawe unaifuatisha na kusogeza mguu kidogo tu. Weee! Siku ile ya kwanza watoto walipiga makofi mpaka paroko akaja kuchungulia.

Aliyekipenda kivuli kuliko wote alikuwa Paskalina, binti wa miaka kumi na mitatu kutoka Endagikot. Alikuwa anamchora ng'ombe wa kwao, yule mwenye pembe moja iliyolala chini kuelekea shavuni. Alitaka picha kumi na mbili. Mama yake alikuwa hajawahi kuona mchoro unaotembea, na Paskalina akasema, siku ya kufunga darasa mama atakuja kumwona ng'ombe wake. Alifika picha ya saba. Wiki iliyofuata akashikwa na homa, wakampandisha basi kwenda hospitali Haydom. Akarudi kuzikwa.

Nyumba yao ikafungwa. Wewe umezaliwa juzi, hujui. Zamani nyumba iliyofiwa na mtoto ilikaa peke yake kwa miezi, hawaingii kwa watu, hawachoti maji pamoja na wengine, na sisi hatuingii kwao. Wairaqw tunaita metimani. Wakristo wengi walikuwa wameshaacha, lakini ukoo ule wa Endagikot ulishika. Kwa hiyo mama yake Paskalina hakuweza kuja, na mimi sikumfuata.

Sasa sikiliza. Tuliporudi darasani, Theresia, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, alifungua ukurasa mpya ili achore ua. Chini ya ukurasa, kwa mbali, akawa amesimama ng'ombe mwenye pembe iliyolala. Akafungua mwenzake kwenye kompyuta ya pili, yuko. Ya tatu, yuko. Watoto wakasogeza viti nyuma. Nikawaambia, "Ni kosa langu la programu tu, jamani. Endeleeni." Sauti yangu mwenyewe haikunisaidia.

Baada ya siku chache nikaona mguu wa mbele umesogea. Nikahesabu picha, zikawa nane. Jumatatu tisa. Nikawauliza watoto nani amegusa, wakatazama chini wote. Zikafika kumi. Wazazi wakaanza kusikia, na watoto watatu hawakurudi tena. Ukungu wa mwaka ule nao ulikaa dirishani mpaka mchana, na ng'ombe yule aliyefifia ndani ya kioo alifanana kabisa na ng'ombe wa nje waliokuwa wakipita kwenye ukungu. Niliogopa, mwanangu. Nilikuwa nafundisha nimeupa ukuta mgongo.

Mtunza funguo wetu alikuwa mzee tuliyemwita Akoo Tluway, yaani babu Tluway. Asubuhi moja alinikuta nimeinamia kompyuta, akasimama mlangoni akingoja. Nikakurupuka, "Shikamoo, Akoo."

"Marahaba. Nilidhani leo mashine imekula na salamu." Akavua kofia. "Nasikia kuna kitu cha yule binti humo ndani. Kiache hapo hapo. Nyumba yao bado imefungwa. Vitu vya mtoto vinamngoja mama yake, mama ndiye atasema."

"Akoo, hii ni kompyuta, siyo kibuyu," nikamjibu. Hivyo hivyo, mbele ya mtu mwenye umri wa babu yangu! Yeye akarudisha kofia yake kichwani, akaenda zake.

Siku hiyo hiyo nililiona kosa langu. Badala ya kuandika kwamba kivuli kichukue picha ya mwisho ya mtoto mwenyewe, niliandika kichukue picha ya mwisho ya kazi iliyoachwa bila kufungwa, ya mtu yeyote, na ya Paskalina ndiyo haikuwa imefungwa. Kompyuta zote nne zilikuwa na hazina moja ya kuwekea picha. Mstari mmoja tu wa kurekebisha! Nikaurekebisha. Hapo ndipo ilinipasa ninyanyuke nikanywe chai. Lakini nikafungua faili la Paskalina nilitazame kwa mara ya mwisho, nikakuta picha kumi na mbili.

Nikazichezesha. Ng'ombe akatembea, moja, mbili, tatu, vizuri, bila kuruka hata kidogo. Kwenye ya kumi na mbili akasimama, akageuza kichwa, akanitazama machoni. Niliona kama kuna mtu nyuma yangu, na hapakuwa na mtu. Mkono wangu ukafuta faili kabla akili haijasema neno. Nikafuta na nakala yake. Nikakaa pale nikijiambia nimesafisha darasa.

Watoto walirudi. Nikasifiwa na wazazi, nikafurahi.

Miezi ikapita, nyumba ya Endagikot ikafunguliwa. Siku ya soko nikasikia hodi. Mwanamke mwembamba, nywele zilizonyolewa msibani zimeanza kuota upya, ameshika maziwa kwenye chupa. Nilimjua kwa macho, yalikuwa ya Paskalina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kumwona ng'ombe." Akakaa kwenye kiti cha mwanawe bila kuonyeshwa. "Nimengoja sana. Kila asubuhi nilisema, siku wakinifungulia, kwanza naenda kwa mwalimu. Sisi hatukuwahi kumpiga picha. Hiyo ndiyo kazi ya mkono wake niliyobakiwa nayo."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia ukweli. Sikuzunguka, angalau hilo.

Hakupiga kelele. Aliweka kiganja kwenye kioo kilichozimwa. Watoto walikuwa wamesimama mlangoni, na Theresia akaanza kulia. Akasema ni wao. Paskalina aliwaambia kabla ya kupanda basi, nisiporudi mapema msimwache ng'ombe njiani. Basi waliogopa kuniambia, lakini kila aliyekaa pale peke yake alifuatisha kivuli akasogeza mguu. Mmoja picha ya nane, mwingine ya tisa, mwingine ya kumi, Theresia mwenyewe ya kumi na moja.

"Na ya kumi na mbili?" nikauliza. "Aliyegeuza kichwa ni nani?"

Wakatazamana. Theresia akafuta pua. "Mwalimu, sisi tuliishia kumi na moja. Kugeuza kichwa hatujui."

Mama yake Paskalina akainuka taratibu. "Aligeuza kichwa?"

"Aligeuza, mama."

"Aliniambia mimi peke yangu. Mama, ya mwisho atageuka akuangalie. Alitaka iwe siri." Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa baridi. "Ni wewe tu uliyemwona. Nieleze. Alinitazama vipi?"

Nikamweleza. Pembe, kope, sikio lilivyoshuka, nikarudia na kurudia, naye amefumba macho, kwa sababu mtazamo ule ulikuwa wake na nilikuwa nimemnyang'anya. Mpaka anakufa, kila mwaka nilikwenda Endagikot nikamweleza tena. Akoo Tluway alinisindikiza mara ya kwanza. Njia nzima hakunisema hata neno moja, na afadhali angenitukana.

Sasa sikia, mwanangu. Kivuli nilichokiona kwenye programu yako kiache, ni kizuri, mtoto asimame juu ya alichochora jana. Kila mtoto mpe hazina yake. Lakini hicho kitufe chako kiondoe, au kifanye kiulize kwanza kinachofutwa ni cha nani na mwenyewe yuko wapi. Kitu kikikutisha, usikifute siku hiyo. Kuna mtu amefungiwa ndani anahesabu siku za kuja kukitazama. Na mzee akikwambia ngoja, ngoja, hata kama hajui kuwasha mashine yako.

Nani alichora ile ya kumi na mbili mpaka leo sijui, na sitaki kudanganya kwamba najua.

Haya, nenda, giza lisikukute njiani. Mungu akupe mkono mwepesi wa kuchora na mzito wa kufuta, na utakachokiacha nusu, akupatie watu wa kukumalizia.