Uso wa Mkurugenzi na Kitufe cha Kuzimia Mashine

Fundi anayewatengenezea wafanyakazi wapya masomo ya mashine kwenye kompyuta pale kiwandani ana sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Kwenye slaidi zake kila picha hukua polepole, kwa kipimo kilekile, halafu hutulia, naye huinamia kioo cha kompyuta asije akapigwa chenga hata na moja. Basi siku moja mkurugenzi akaziona slaidi hizo, akaja juu: "Wewe bwana, kitufe cha kuzimia mashine kinakuwaje kikubwa sawa na uso wangu? Nikuze mimi, la sivyo kesho usije!" "Sawa, mzee," akajibu, maana nyumbani kuna vinywa vinamngoja. Akaukuza uso ule mpaka ukajaa kioo. Lakini akaifungua na slaidi ya kitufe. Akakikuza na hicho, kikajaa kioo vilevile.