Kifuniko Kilichobaki Msumarini

Watu wa parokia wananiambia maji yakimwagika hayazoleki. Wao hawakuyamwaga. Niliyamwaga mimi.

Apollinaire, mume wangu, anafanya kazi ya ofisi chuo kikuu hapa Bukavu, na miaka ishirini na mbili amepiga gitaa katika kwaya yetu. Jumamosi alikuwa seremala wa nyumbani. Mashine yake ya kukata mbao ilikuja na kifuniko cha chuma juu ya meno. Akasema kinamzuia kuona mstari, akakitoa, akakitundika msumarini. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba vidole vyake bado kumi. Nikacheka, mjinga mimi.

Siku ile alikuwa anakata mbao za kabati la vyombo vyangu. Umeme ukaenda, mashine ikanyamaza katikati ya ubao. Sisi wa mtaa wa Kadutu tumezoea: umeme ukienda, unaacha redio wazi, ikilia ujue umerudi, ukimbie kupiga pasi kabla haujaenda tena. Sasa redio yetu ilikuwa imekufa. Apollinaire alitaka kuzima mashine na kuchomoa waya. Nikamwambia kutoka jikoni:

“Papa Mugisho, acha tu mashine ikuwe wazi. Courant ikirudia, tutasikia.”

Akaiacha. Mtu ambaye hanisikilizi hata kuhusu chumvi, siku hiyo akanisikiliza!

Baadaye aliona kipande cha ubao kimekwama kwenye meno, akaingiza mkono wa kushoto kukitoa. Umeme ukarudi. Watoto wa avenue nzima wakashangilia. Mimi nilisikia mashine, nikafurahi, nikakimbia kuchomeka pasi.

Vidole vitatu. Hospitali walishona kilichobaki.

Kifuniko kingali msumarini, hata rangi haijachubuka. Mugisho, mwana wetu, alitaka kukirudisha kwenye mashine. Nilimuuliza kitamkinga nani sasa, akakiacha palepale.

Apollinaire angenitukana, ningepumua kidogo. Hanitukani. Mara moja tu alisema, “Maman Mugisho, kile kifuniko ni mimi nilikitoa,” akageukia ukutani. Sijui nilie wapi tena, nimechoka.

Jumapili tunakaa benchi la nyuma. Kwaya ikianza wimbo, anaingiza mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukibonyeza nyuzi za gitaa, kwenye mfuko wa koti. Mimi natazama mbele, altareni. Mfuko unachezacheza mpaka wimbo uishe.