Nililiangusha Andiko la Mtu Nisiyemjua

Wasomaji wenzangu, nimekosa, na sitafuti wa kunionea huruma. Nilitaka kumwangamiza mtu mmoja. Nikamwangamiza mwingine!

Wakati wa vita, hapa Kindu, mwanafunzi mmoja alipanga chumba kwetu. Mama alimlisha kama mwanawe. Askari walipokuja kutafuta chakula, yeye ndiye aliyewaonyesha mbegu zetu za mpunga, ambazo mama alikuwa amezificha kwenye dari ya jikoni, juu ya moto, zimejaa masizi. Malipo yake yalikuwa kuvushwa mto Lualaba akakimbia. Msimu ule hatukupanda. Mdogo wangu Zaina akafa kwa njaa.

Tangu hapo sijatulia mahali. Nimechimba madini Kalima, nimechimba mgodini Kama, nimeuza mpunga Kibombo. Popote nilipolala, harufu ya wali wa mama ilinijia, kisha sura ya yule mtu. Siku hizi ni Dokta, anafundisha kilimo chuoni, viatu vinang'aa.

Mwaka juzi jarida moja la utafiti likaniita. Lina desturi yake: kila andiko la kilimo hupelekwa kwa wasomi wawili na kwa mwenyeji mmoja anayeyajua mashamba yenyewe. Jina la mwandishi hufutwa, ili usimpendelee wala usimwonee. Kila mmoja husoma peke yake na kutoa maoni, kisha mhariri huamua. Mimi niliyeishia sekondari nikafanywa msomaji wa tatu, kwa sababu nimezunguka vijiji vyote vya Kibombo.

Andiko lilihusu mpunga mwekundu wa zamani. Nikafika mahali paliposema kwamba mbegu zake ziliokoka vita kwa kufichwa kwenye dari, juu ya moto.

Damu ikanichemka! Nani mwingine alijua maficho ya mama yangu? Ni yeye! Kamwibia mama mbegu, sasa anamwibia na habari zake!

Nikaandika kwamba nimefika kwenye mashamba yaliyotajwa na kukuta nyasi tupu. Uongo! Mpunga ulikuwa unanifika kifuani. Wasomi wawili walilisifu andiko, lakini hawakuwahi kukanyaga kule. Mhariri akaniamini mimi, andiko likakataliwa. Nikanunua bia, nikanywa nikicheka peke yangu kama mwehu.

Halafu nikamvizia Dokta sokoni. Nilitaka kuuona uso wake umevunjika. Hakunitambua.

"Dokta, nasikia andiko lako la mpunga limeanguka."

"Langu?" Akaangua kicheko. "Hapana, muzee! Ile ilikuwa ya Sifa, mwanafunzi wangu. Kichwa nguvu! Alikatala kutia jina langu mbele. Sasa nafasi ya kufundisha kule chuoni imemupita. Huyo mutu aliyemwangusha, nikimuona nitamununulia bia!"

Nikaulizia nyumba ya Sifa, nikaenda.

Nilimkuta Sifa kwao akifunga mizigo. Alikuwa anakwenda Kama kuuzia wachimbaji chakula. Nikamwambia kila kitu. Alisikiliza bila kuacha kufunga kamba.

"Habari ya mbegu juu ya moto uliitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa wamama, papa. Wote njo kule walificha. Ulizani njo mama yako peke yake?"

Akakaza fundo la kamba.

"Nilitaka watu wasisahau hawa wamama," akasema. "Na wako alikuwa kati yao."

Mungu wangu! Nilikuwa nimemfukia mama yangu kwa mkono wangu!

Nilikwenda kwa mhariri nikakiri. Andiko litasomwa upya na watu wengine, mimi sitaitwa tena. Ila nafasi ya Sifa ilishapewa mtu, na Sifa yuko Kama anapika maharage.

Dokta je? Bado namchukia, sitawadanganya. Nikilala namchukia, nikiamka namchukia.

Ninyi mnaopewa kazi ya mtu muipime, mkihisi mkono unawasha, irudisheni. Mwenye kisasi amfuate adui yake mwenyewe, amwambie alichomtendea. Mimi nilisimama naye sokoni uso kwa uso, akicheka, nami nimetoka kumfanyia kazi yake ya kumkomoa Sifa. Nilifungua mdomo nimtajie Zaina, nikaona haya.