Samahani ya Mchana

Pampu ya kikundi chetu iliibwa wakati wa kiangazi, mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele na hayawezi kuvumilia kiu hata kidogo. Sisi kina mama wa kanisa, pamoja na wanaume wachache waliokubali kuongozwa na wanawake, tulikuwa tunalima kando ya mto, nje kidogo ya Garsen, katika ardhi ambayo wazazi wetu Wagiriama waliifyeka walipohamia huku kutoka kusini. Pampu hiyo ndiyo iliyovuta maji ya Tana na kuyamwaga kwenye mfereji wetu, na kila mmoja alikuwa na zamu yake. Asubuhi hiyo tulikuta mnyororo uliokatwa umelala kwenye matope. Siku iliyofuata tukakuta na mpira wa kunyonyea maji haupo.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi, tena mzee wa kanisa, kwa hiyo watu walikuja kwangu. Wengine hawakuja kuuliza, walikuja kuniambia. Alama za kwato zilikuwa zimetapakaa mtoni, na hilo kwao lilitosha: wafugaji wa Kiorma wamechukua pampu ili tushindwe kulima, mashamba yarudi kuwa malisho. Niliwaambia kwamba kwato hizo ni za ng'ombe wanaokunywa pale kila siku, na kwamba ng'ombe habebi pampu. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakaenda kufanya walilokuwa wameshaamua.

Nilikuwa Malindi kumuuguza mama yangu hospitalini walipokwenda. Kundi la wanaume, mashemasi wetu wawili wakiwa mbele, lilipita sokoni mchana likitangaza wezi ni nani, kisha likavamia boma la Waorma lililo karibu zaidi na mashamba yetu. Tulilijua vizuri boma hilo. Mama wa pale alikuwa akituletea maziwa, na wakati wa mafuriko watoto wake na wa kwetu walilala chini ya turubai moja kwenye barabara ya lami, mahali pekee palipokuwa pamebaki pakavu. Mumewe aliwaambia hajui habari ya pampu. Mmoja wa mashemasi akampiga rungu begani, mfupa ukavunjika. Kisha wakaondoka na ndama wawili, wakisema watawarudisha siku pampu itakaporudi.

Sisi wa delta ya Tana tunajua jambo la namna hiyo linaweza kuishia wapi. Tumewahi kuzika, wao wamewahi kuzika. Chifu alizunguka vijiji vyote kutuliza watu, na wazee wa Kiorma wakawazuia vijana wao kwa shida kubwa. Mimi niliporudi nilikuta wanawake hawaendi mtoni peke yao, na maziwa hayaletwi tena.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kanisani nikifagia. Mke wa mpiga ngoma wa kwaya yetu aliingia, akachukua fagio la pili, akafagia upande wake. Tulipokutana katikati akasimama.

"Mama," akasema, "pampu iko kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Ameifunika majani ya migomba. Mimi nilidhani ameikodisha. Niliposikia mtu amevunjwa bega nikamuuliza, akaniambia ninyamaze."

Nilimuuliza kama mumewe anajua amekuja kwangu. Akasema hajui, na kwamba anaogopa, lakini anaogopa zaidi kuingia kanisani kesho na kumsikia akipiga ngoma.

Nilimwita mchungaji, tukaenda watu watatu, mimi, yeye na yule mke, jua likiwa juu. Mpiga ngoma alikuwa ameketi kivulini akichonga mpini wa jembe. Mtu mzima huyo, baba wa watoto, sauti yake nzuri, mikono yake nayo mizuri. Aliponiona namtazama akaacha kuchonga. Hakukana. Alituonyesha mwenyewe, akaanza kulia, akasema, "Shetani alinipitia."

Mchungaji akamshika bega na kuomba. Nilisubiri amina, kisha nikasema kwamba sasa twende kituoni.

Hapo ndipo mchungaji na mimi tulipotofautiana. Ni mchungaji mpole, msomi kuliko mimi, na nampenda. Alinivuta pembeni.

"Mama, huyu ni kondoo wetu," alisema. "Ametubu. Tumtenge na meza ya Bwana kwa muda, tumwombee, tuirudishe pampu. Tukimpeleka kwa serikali, kila mtu Garsen atasema wezi ni Wakristo."

"Mchungaji, aliyevunjwa bega si kondoo wetu. Yeye atapata haki yake kanisa gani?"

Nikaendelea, kwa kuwa nilikuwa na hakika, na hakika hiyo ninayo mpaka leo. Nilimwambia kwamba tulimwita mtu mwizi sokoni, watu wote wakasikia, na sasa hatuwezi kunong'ona ukweli kanisani. Na kama tunampeleka mpiga ngoma, basi na mashemasi wawili waende, kwa sababu kuibiwa hakumpi mtu ruhusa ya kumvunja mwenzake. Hilo la mashemasi ndilo lililomchoma zaidi. Alitembea mpaka kwenye mfereji uliokauka, akarudi.

"Nitawapeleka mimi," akasema. "Wewe mpeleke huyu."

Lakini kabla ya kituo tulipita bomani. Nilitaka ndama warudi kwanza. Tulikwenda wengi, kina mama kwa wanaume, mashemasi wakiwaswaga ndama wenyewe. Yule mama wa maziwa alitoka, akatusimamisha mbali na mlango. Mumewe alikuwa ameketi nyuma yake, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Mchungaji akaanza kuzungumza juu ya upatanisho. Mama akamkatiza.

"Sisi tumepigwa mchana, watu wote naona," alisema. "Hapa bomani ni watu wenu tu. Samahani nataka iko pale, sokoni. Mchana pia."

Hivyo ndivyo tulivyokwenda sokoni. Sikumbuki kuona kanisa letu likiwa dogo kama siku hiyo, wala sikumbuki kulionea fahari zaidi. Mpiga ngoma alisimama kati ya wauza nyanya na wauza mitumba, akasema pampu aliiba yeye. Mashemasi nao wakasema walilofanya, mmoja akiangalia miguu yake. Watu walikusanyika. Sauti moja ikasema tairi iletwe, mwizi achomwe, na wengine wakaanza kuisogelea ile sauti. Mimi na wanawake wenzangu tukamzunguka mpiga ngoma, tukaanza kutembea naye kuelekea kituoni, tumeshikana mikono. Mama wa maziwa, sijui kwa nini, alitembea nasi. Nadhani watu hawakujua la kufanya walipomwona yeye upande ule, na sauti ya tairi ikanyamaza.

Mahakamani hakimu aliniuliza, nikiwa mlalamikaji, kama nina la kusema kabla ya hukumu.

"Mheshimiwa, tumemsamehe, na tunaomba ahukumiwe," nikasema.

Karani aliinua kichwa. Hakimu akauliza, "Mama, mnataka yote mawili?"

"Ndiyo. Msamaha ni wetu kuutoa. Adhabu si yetu, ndiyo maana tumeileta kwako."

Mpiga ngoma alifungwa miezi kadhaa katika gereza la Hola. Mashemasi wakaamriwa walipie matibabu ya yule mzee wa bomani, na kufanya kazi ya jamii, kufyeka na kusafisha zahanati mbele ya kila apitaye. Kanisani kuna familia moja ilihama kwa sababu hiyo. Walisema nimewapeleka ndugu zangu mahakamani kwa ajili ya watu wa dini nyingine. Nilikwenda nyumbani kwao kuwaeleza, wakanipa chai, tukaagana vizuri, lakini hawakurudi.

Jumapili moja mchungaji aliniomba nizungumze. Niliwakumbusha yule mwizi aliyetundikwa karibu na Bwana wetu. Alikiri kwamba anayopata anastahili. Akaahidiwa Paradiso siku hiyohiyo, lakini hakuteremshwa msalabani. Nikasema kwamba wengi wetu tunataka moja kati ya hayo mawili. Kuna wanaotaka Paradiso bila msalaba, yaani tuombe tu, yaishe. Na kuna wanaotaka msalaba bila Paradiso, yaani tairi. Bwana alikataa yote mawili, na sisi hatuwezi kuwa wapole kumzidi wala wakali kumzidi. Mashemasi walikuwa wameketi nyuma, wameshavuliwa ushemasi. Mmoja wao alikuja kunisalimia baadaye, akanishika mkono kwa muda mrefu.

Tulikuwa tunakwenda Hola kila tulipoweza, mimi na mke wa mpiga ngoma, tumebeba sabuni. Mara ya kwanza mpiga ngoma alirudia maneno yale.

"Mama, ni Shetani tu alinipitia."

"Shetani alikupitia siku ya kwanza," nikamwambia. "Siku ya pili ulirudi mwenyewe kuchukua mpira."

Askari jela aliyekuwa karibu alicheka. Mpiga ngoma naye akataka kucheka, ikashindikana. Akainamisha kichwa, mkewe akaanza kumweleza habari za watoto. Mara iliyofuata hakumtaja Shetani. Alituambia kwamba shamba lake lilikuwa la mwisho mfereji unakoishia, na kwamba maji yalikuwa yakiishia kwa wenye mashamba ya juu, zamu baada ya zamu. Alisimama pale akitazama mahindi ya wenzake yakiwa kijani na yake yakijikunja. Alisema hasira hiyo aliilea kama mtoto. Hakuhitaji pampu. Alitaka tu na sisi tukauke.

Nilirudi Garsen na maneno hayo. Tulikwenda kuutazama mfereji, tukaona anasema kweli: mwisho wake ulikuwa umejaa mchanga tangu mafuriko, maji hayafiki. Tuliuchimba upya, na tukabadilisha mpangilio ili wa mwisho waanze. Mama mmoja katika kikundi aliniuliza kama sasa hatusemi kwamba kosa lilikuwa letu. Nikamjibu kwamba hapana. Mfereji ulikuwa mbovu, na kuutengeneza ilikuwa kazi yetu. Wizi ulikuwa wake, na kuuwajibikia ilikuwa kazi yake. Mwanamke mwenye shamba jirani na lake alikauka vilevile, akaja kunifokea mbele ya watu, lakini hakuiba kitu. Nikitafuta chanzo cha uovu nakiona kwenye njaa, nakiona kwenye mgawanyo wa maji, nakiona kwenye maneno tunayowafundisha watoto juu ya majirani. Hayo yote tuyatengeneze. Ila mtu naye yumo. Ukimwambia kwamba yeye ni njaa yake tu, umemdharau kuliko hakimu aliyemfunga.

Siku aliyotoka tulikuwa tunamsubiri langoni, mkewe, mchungaji na mimi. Alikuwa amekonda. Tuliporudi Garsen tulidhani ataenda moja kwa moja kwa watoto wake, lakini akaomba apelekwe bomani kwanza. Yule mzee alikuwa amepona, ingawa mkono haukuinuka tena kama zamani. Alimtazama mpiga ngoma kwa muda.

"Umelala jela?"

"Nimelala, baba."

"Basi mimi sina neno." Kisha akaongeza, "Lakini ng'ombe zangu hutachunga."

Mkewe alicheka, na sisi tukapata ruhusa ya kucheka. Akatumiminia chai ya maziwa.

Kanisani hakurudishiwa ngoma mara moja. Mchungaji alitaka apewe Jumapili hiyohiyo, mimi nikasema asubiri, si kwa kumwadhibu tena, maana adhabu ilikuwa imekwisha na mtu asimwongezee hata siku. Nilitaka watu wamzoee akiwa ameketi kati yao kabla ya kumwona mbele. Mchungaji akakubali. Wakati huo mpiga ngoma alikuwa wa kwanza kufika kila tulipokwenda kutoa mchanga kwenye mfereji. Ngoma alirudishiwa wakati wa mavuno, na wachache walitoka nje alipoanza kupiga. Wachache hao bado hutoka, kisha hurudi wakati wa mahubiri.

Mwaka uliofuata mbuzi wa mmoja wetu walipotea. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa, rungu mikononi, na jina la boma lilelile likatajwa. Nilikuwa nimesimama tayari kusema, lakini mpiga ngoma alinitangulia. Alipanda kwenye ngazi ya kanisa.

"Mara iliyopita mlikwenda kule," alisema, "mimi nilikuwa nyumbani nakula. Niliwaona mkipita, nikaendelea kula."

Watu walitazamana. Mmoja akaweka rungu lake chini, kisha wengine, na tukaenda kwa chifu kama watu wanaojua njia ya kwa chifu. Mbuzi hawakupatikana. Mwenyewe alihuzunika sana, na mpaka leo hatujui aliyewachukua. Jioni ile mama wa maziwa alipita na kibuyu chake, akauliza mbona watu walikuwa wamejaa kanisani siku isiyo Jumapili. Nilimweleza kila kitu. Akanipimia maziwa, akajitwika kibuyu chake, akaendelea kwa jirani.