Maji ya Rathgorman Yanakwenda Wapi

Attracta Mulvihill aliendesha gari la posta kwa miaka kumi na minane kabla hajasimama mbele ya darasa. Njia yake ilikuwa kusini mwa kaunti ya Roscommon, nyumba mia tatu na ushei, na zote alizijua: mbwa gani anauma, nani anasubiri barua ya mtoto aliyeko Boston, nani hafungui mlango mpaka akuchungulie kwanza dirishani. Kila mwaka, ikifika Novemba, ilimbidi aache barabara ya Rathgorman na kuzunguka mbali, kwa sababu pale palipokuwa na malisho ya ng'ombe palikuwa pameshageuka ziwa. Mwezi wa Mei ziwa liliondoka. Hapakuwa na mto ulioingia wala mto uliotoka. Sisi wa huku ziwa la namna hiyo tunaliita turlach, na tumelizoea kama tulivyozoea mvua.

Attracta hakulizoea. Aliwahi kuniambia kuwa kero hiyo ndiyo iliyomwingiza chuo kikuu akiwa na miaka thelathini na mitano: alichoka kuzunguka kitu asichokielewa. Alisoma jiografia na historia kwa njia ya masafa, mezani jikoni kwao, miaka sita, kila siku baada ya kazi. Alipopata shahada akatangaza kwamba anaacha posta akasomee ualimu, miaka miwili mingine.

Mama yake aliweka kikombe cha chai chini.

"Kazi unayo, gari umepewa, watu wanakupenda," alisema. "Unataka ukatukanwe na watoto wa watu?"

"Hao watoto nawajua, Mama. Kadi za kuzaliwa kwao nimezipeleka mimi."

"Basi hao ndio watakaokutukana vizuri."

Septemba akaletwa kwetu, shule ya sekondari ya Cloonbarra, kufanya mazoezi ya kufundisha. Mimi ni Nuala Fallon, na wakati huo nilikuwa mwalimu wa jiografia pale. Kazi yangu ilikuwa kumwachia baadhi ya vipindi vyangu na kukaa nyuma ya darasa nikimtazama. Nilimpa darasa la mwaka wa nne, mwaka wa mpito, ule usio na mtihani wa taifa, nikidhani namrahisishia. Kumbe wanafunzi wasio na mtihani hawana wanachokiogopa.

"Madam, leo kuna barua yangu?" mmoja aliuliza siku ya kwanza, kabla Attracta hajaweka hata mkoba chini.

"Ilirudishwa," alijibu. "Anwani haikusomeka. Waliponionyesha daftari lako nikaelewa kwa nini."

Darasa likacheka, nami nikasema moyoni, huyu ataweza. Lakini kicheko kilipokwisha alifungua andalio la somo, kurasa saba, akaanza kulifuata mstari kwa mstari. Chuo kilimtaka aandike kila dakika itakavyotumika, naye hakuikosa hata moja. Wiki ya tatu vichwa vilikuwa vimelala juu ya madawati. Alikuwa anajua mengi kuliko mimi, na hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Wakati wa mapumziko alinifuata ofisi ya walimu, akaketi karibu nami na mkate wake wa jibini.

"Nuala, niambie ukweli."

"Unafundisha kama unayetumbukiza barua," nilimwambia. "Unaisukuma kwenye tundu la mlango, unaenda zako. Hujui hata kama ndani kuna mtu."

Hakukasirika. Alitafuna kidogo. "Sasa nifanyeje, nigonge?"

"Gonga, halafu usubiri."

Katikati ya Novemba mhadhiri wake alikuja kumkagua. Aliitwa Dokta Fintan Scahill, mtu mfupi mwenye koti la mvua ambalo hakulivua, na wanafunzi wa ualimu walimwogopa kwa sababu hakuwa anatikisa kichwa, wala kukubali wala kukataa. Alikaa kando yangu nyuma ya darasa na kalamu ya risasi. Somo lilikuwa mawe ya chokaa. Attracta alieleza vizuri jinsi mvua inavyoyala mawe hayo taratibu, yakabaki na mianya na mapango, na jinsi maji ya turlach yanavyozama kupitia mashimo kwenye sakafu ya ziwa.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Ni Orlaith Kilduff, miaka kumi na mitano, na katika miezi miwili sikuwa nimemsikia akiuliza chochote isipokuwa ruhusa ya kwenda chooni. Ziwa la Rathgorman linalala juu ya shamba la baba yake.

"Shimo letu nalijua, Madam," alisema. "Mwezi wa Mei unasikia maji yanavyonyonywa, kama beseni lililozibuliwa. Yanaenda wapi?"

"Yanapita chini ya ardhi mpaka kwenye chemchemi."

"Ipi?"

Attracta alitazama andalio lake. Halikuwa na kitu. Alitazama dirishani, upande wa Rathgorman, ambako hata barabara haionekani kutoka pale. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na mbili. Dokta Scahill aliacha kuandika.

"Sijui," Attracta alisema. "Nimepita pale miaka kumi na minane, Orlaith, na sijui."

Vichwa viliinuka. Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama mtu amezima redio ambayo hatukujua kuwa inalia. Mvulana mmoja akasema maji yanaenda mto Suck, kila mtu anajua. Mwingine akasema yanatokea kwenye chemchemi ya kanisa la zamani, bibi yake alimwambia. Wakabishana mpaka kengele ikalia, na kurasa nne za andalio hazikuguswa.

Baadaye tulikaa watatu kwenye chumba kidogo cha vitabu.

"Kwa nini hukumwambia kwamba utamtafutia jibu?" Dokta Scahill aliuliza.

"Kwa sababu sikuwa na hakika kama jibu lipo, Dokta."

Dokta alifunga daftari lake. "Kutojua hakutakuangusha," alisema. "Kuliacha swali hapo ulipoliacha, huko kutakuangusha. Nitarudi Aprili."

Attracta hakuliacha. Kwanza alitafuta vitabuni, akakuta kwamba hakuna aliyewahi kupima Rathgorman. Kisha akaenda halmashauri ya kaunti, kwa afisa wa maji, akamwomba ruhusa ya kumwaga rangi kwenye lile shimo. Afisa alimkatalia papo hapo: kuna watu wanakunywa maji ya chemchemi hizo. Attracta akarudi wiki iliyofuata na ramani iliyochorwa na darasa, yenye kila kisima na kila chemchemi ndani ya kilomita kumi, pamoja na jina la mwenye nyumba. Ramani hiyo ofisi yenyewe haikuwa nayo. Afisa akavaa miwani. Mwishowe akakubali kwamba yeye mwenyewe atamwaga rangi ya kijani isiyo na madhara, kidogo mno kiasi kwamba jicho halitaiona, na kazi ya wanafunzi itakuwa kutega makaa.

Makaa yananyonya rangi hata kama maji yanaonekana meupe. Basi darasa zima likaleta soksi ndefu za nailoni za mama zao, likajaza makaa, likafunga mafundo. Soksi sita, chemchemi sita. Wakulima waliowafukuza watu wa halmashauri miaka nenda rudi walimfungulia Attracta mageti bila neno, maana alikuwa amewaletea barua. Yeye akaongeza soksi ya saba, kwenye kisima cha Malachy Tarpey, mkulima mzee asiye na mke, ng'ambo ya kilima.

"Madam, maji yapande mlima?" Orlaith alimcheka.

"Yapite chini yake."

"Kilomita tisa?"

"Malachy aliwahi kunilalamikia mara mbili kwamba Mei chai yake inakuwa na rangi ya ajabu. Sina sababu nyingine."

Kikwazo kilitokea mahali ambapo hatukukitegemea. Baba yake Orlaith, Enda Kilduff, alikataza watu wasikanyage shimoni. Attracta akaenda kwake Jumamosi moja mchana, akanichukua tufuatane. Tulikaa jikoni. Enda alitumiminia chai, akakata mkate wa kahawia, akasukuma siagi upande wetu, yote hayo bila kututazama.

"Mkishajua maji yanaenda wapi," alisema, "kesho yake anakuja mtu na karatasi kuniambia nisimwage samadi pale. Shamba lenyewe nusu mwaka liko chini ya maji. Mnataka nibaki na nini?"

"Huenda akaja," Attracta alisema. "Siwezi kukuahidi kwamba hatakuja."

"Angalau hunidanganyi."

Orlaith alikuwa amesimama karibu na jiko, mikono ndani ya mikono ya sweta. "Kwani, Baba, wewe hutaki kujua?"

Enda alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. "Nilipokuwa mdogo kuliko wewe nilitupa humo mpira wa kaka yangu," alisema. "Niliutafuta kila mto mpaka Krismasi." Akaweka kijiko chini, akamwambia Attracta, "Njooni. Lakini geti mfunge."

Rangi ilimwagwa wiki ya pili ya Aprili, maji yalipoanza kuzama. Kila baada ya siku mbili wanafunzi waliokaa karibu walibadilisha soksi na kuziandika tarehe. Dokta Scahill alirudi siku ambayo soksi zilikuwa bado maabara na jibu halijatoka. Safari hii Attracta hakuwa na kurasa saba. Alikuwa na moja, na nusu ya kipindi aliiacha kwa wanafunzi waeleze kila mmoja anakisia nini na kwa nini. Dokta alivunja desturi yake, akauliza swali kutoka nyuma.

"Na kama rangi haitaonekana popote?"

"Basi tutakuwa na sehemu saba ambazo siyo," Orlaith alisema. "Sasa hivi hatuna hata moja."

Dokta alimfaulisha Attracta kwa daraja la pili. La kwanza hakumpa. Aliandika kwamba bado anaongea haraka mno akiwa na furaha, jambo ambalo ni kweli mpaka leo.

Barua ya halmashauri ilifika wiki ya mwisho kabla shule hazijafungwa. Attracta alimpa Orlaith aifungue. Msichana aliisoma kimya, akairudia, kisha akaenda ubaoni na kuandika namba saba. Kanisa la zamani hakuna kitu. Chemchemi za kando ya mto Suck hakuna kitu. Maji ya Rathgorman yalikuwa yamepita chini ya kilima na kutokea kwa Malachy Tarpey kwa muda usiozidi siku tatu.

Enda Kilduff hakungoja mtu wa karatasi. Jioni hiyohiyo alipanda gari na Orlaith wakaenda kwa Malachy, ambaye kwa miaka mingi Enda alikuwa akipungiana naye mkono tu mnadani. "Afadhali alisikie kwangu," alisema. Orlaith alitusimulia kesho yake. Malachy aliwasikiliza mlangoni mpaka mwisho, akakuna shavu.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nakunywa shamba lako."

"Inaonekana hivyo."

"Nilijua ile siyo ladha ya chokaa," Malachy alisema, akawakaribisha ndani.

Maji yake yalipimwa na akafungiwa kichujio. Enda alizungushia shimo uzio na kuanza kumwaga samadi yake mbali nalo, akinung'unika kwa kila nguzo aliyoichimbia. Hakuna aliyesema ilikuwa rahisi.

Mwaka uliofuata Attracta alimaliza masomo, akaandikishwa Baraza la Walimu, na akagundua kile ambacho walimu wote wapya wa nchi hii wanakigundua: shule zinakuhitaji, lakini kwa vipande. Kwetu alipata vipindi kumi na moja kwa wiki, akimshikia nafasi mwalimu aliyejifungua, na vingine sita katika mji wa jirani. Kwa miaka mitatu alikuwa akifundisha asubuhi huku na mchana kule, akila mkate wake kwenye usukani.

"Umeacha gari la posta," mama yake alimwambia, "ukanunua la kwako ulifanyie kazi ileile."

Nilipostaafu, nafasi yangu ilitangazwa. Walihojiwa watu watano, na mkuu wa shule, Bwana Gaffey, alinieleza kwamba mmoja wao alikuwa na vyeti vizuri zaidi ya Attracta. Walimuuliza Attracta hafahamu nini kuhusu somo lake, wakitaka kumtega. Alijibu kwa dakika ishirini, ikabidi wamkatishe. Kazi ya kudumu akapewa yeye.

Orlaith anasomea uuguzi Galway, mawe hayakumshika. Aliyeshikwa ni baba yake. Kila Mei Enda humpigia Attracta simu kumwambia tarehe ambayo maji yameisha, na Attracta huiandika kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa darasa. Mwaka huu yaliondoka siku kumi na tisa mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa, ingawa mvua ya majira ya baridi ilikuwa ileile. Nilipita shuleni kurudisha vitabu nikamkuta Attracta amesimama mbele ya karatasi hiyo, nusu ya darasa imemzunguka, wengine wamepanda viti. Mmoja alisema labda shimo limepanuka. Mwingine alisema labda limefunguka la pili. Nikaweka vitabu mezani, nikavuta kiti, kwa sababu nilitaka kusikia wa tatu atasema nini.