Akiba Iliyokuwa Ikitembea Nyumba kwa Nyumba

Saa nne asubuhi, Odalmis Echemendía amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Kioo kimeganda. Msichana mwenye gauni la waridi amesimama katikati ya ngazi, mguu mmoja hewani, na hashuki.

"Jana pia alikomea hapohapo," anasema Radamés, mwenye kompyuta.

Radamés hutengeneza filamu za wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano hapa Holguín. Huyu wa kwenye kioo ni Lisandra, binti wa jirani, na sherehe yake ni leo jioni. Filamu isipokuwepo, mama yake atakuwa amealika ukoo mzima kuja kutazama ukuta. Na umeme wa mtaa huu unakatwa saa nane mchana hadi jioni.

Odalmis, fundi wa kompyuta za majumbani, hana karakana. Huzunguka kwa miguu na begi la bisibisi, na mara nyingi hulipwa mchele au nyama ya nguruwe. Alikuwa akitengeneza redio kiwandani. Kiwanda kikafungwa, mikono ikabaki na hamu.

"Mtu akiniambia mashine imekufa, moyo unanienda mbio," anasema. "Nataka kujua nani kaiua."

Kompyuta hii ina kumbukumbu ndogo. Ikijaa, inatakiwa ihamishie mzigo kwenye nafasi ya akiba ndani ya diski. Radamés aliitenga nafasi hiyo mwenyewe, na anaapa kwamba aliitenga sawasawa. Odalmis anaandika amri moja. Jibu linakuja: akiba, sifuri.

Anamuuliza huwa inaganda lini. Si kila siku, anajibu Radamés. Wiki hii ilikwenda vizuri hadi Jumatano. Na Jumatano kulitokea nini? Hakuna, anasema, ila diski ya mtaa, ile inayopita nyumba kwa nyumba na filamu mpya, ilivuka barabara kwenda kwa Candelaria, jirani wa ng'ambo.

Odalmis anageuka polepole.

"Kaka, usiniambie akiba umeiweka kwenye diski ya mtaa."

Radamés anatazama sakafu. Ya ndani ilikuwa imejaa, anasema.

"Kwa hiyo sisi tunahangaika hapa, akiba yako iko kwa Candelaria inatazama sinema."

Jikoni, Hortensia, mama yake Radamés, anacheka hadi kifuniko cha sufuria kinamponyoka. Kicheko kinakatika anapoambiwa diski ya ndani imejaa nini: tamthilia zake za Kikorea, zote.

"Futeni mabinti wa watu, mwanangu. Hizo msiziguse."

Odalmis hafuti kitu. Anamwomba Hortensia akubali tamthilia zihamie diski ya mtaa zikatembee, akiba ibaki nyumbani. Mama ananung'unika kwamba sasa Candelaria atajua mwisho kabla yake. Lakini Lisandra ni mtoto wake wa ubatizo. Anavua aproni, anavuka barabara mwenyewe, anarudi ameikumbatia diski.

Tamthilia zinahama taratibu mno. Nafasi inapopatikana, Odalmis anatengeneza akiba mpya ndani, anafuta mstari uliokuwa ukiituma mashine kuitafuta ile ya nje, anaizima na kuiwasha. Safari hii inawaka bila kusitasita.

Radamés anaianzisha filamu. Kumbukumbu inajaa. Wote watatu wanaikodolea tarakimu ya akiba. Sifuri. Bado sifuri. Kisha inaanza kupanda.

"Inameza," ananong'ona Radamés. "Dada, inameza."

Lisandra anashusha mguu, anashuka ngazi yote. Filamu inakamilika, Radamés anachomoa flashi na kutoka mbio bila viatu. Kabla feni haijamaliza kuwakausha jasho waliobaki, umeme unakatika.

Odalmis anakunja nyaya zake gizani mwa chumba kisicho na dirisha, bado anacheka. Anataka kufungua chumba chake cha mbele kiwe karakana, meza moja na mlango ulio wazi, watu wamletee mashine kabla siku ya sherehe haijafika. Wateja hana wasiwasi nao.

"Nilipoifungua ile diski ya mtaa nimekuta akiba za nyumba nyingine humo," anasema. "Huyu bwana amewafundisha majirani. Kesho naanza na Candelaria."